Jicho Linalocheza Lisiitwe Uchawi

Jicho likicheza siku moja husemwa kuna habari njiani. Si neno. Lakini likicheza miezi, kisha shavu na pembe ya mdomo vikavutwa upande uleule, hata usingizini, huo ni ugonjwa. Hata hivyo hapa Mwembesongo bado tunasikia minong'ono: amerogwa.

Mara nyingi chanzo ni mshipa wa damu unaogandamiza mshipa wa fahamu wa uso, karibu na shina la ubongo. Tiba ni sindano ya kulegeza misuli, inayorudiwa kila baada ya miezi 3 hivi, au upasuaji nyuma ya sikio wa kuitenganisha mishipa hiyo.

Siku hizi watafiti hutumia ultrasaundi, ile waijuayo akina mama wajawazito, kupima ukakamavu wa msuli. Njia hiyo huitwa elastografia. Mawimbi hupita upesi zaidi katika msuli uliokaza, na mashine hutoa tarakimu. Wakipima kabla na baada ya upasuaji, huona kama msuli umelegea.

Twaona mgonjwa amepata shahidi. Lakini kipimo hicho bado si cha kawaida, tusikingoje. Daktari huutambua ugonjwa huu kwa kumtazama na kumsikiliza mgonjwa. Tumpeleke hospitali ya mkoa, na akipewa rufaa, aende MOI, Muhimbili, wanakopasua ubongo. Heri nauli ya Dar es Salaam kuliko mbuzi wa mganga.