Dola milioni nne na tone la damu

Na Rashidi Mtipa

Daktari Mwingereza Leader Stirling alifika Masasi mwaka 1935 kufanya kazi na wamisionari wa UMCA, akapasua wagonjwa katika hospitali ya Lulindi kwa miaka mingi. Baadaye alichukua uraia wa nchi hii, na mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya. Enzi hizo za Lulindi, mama aliyezika watoto wawili kwa ugonjwa ule ule wa kurithi angemuuliza daktari sababu bila kupata jibu. Sayansi yenyewe ilikuwa haijafika huko.

Leo sababu ya baadhi ya maradhi hayo inajulikana. Ndani ya seli mna vifuko viitwavyo laisosomu, kazi yake kuvunjavunja taka. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama, kimeng'enya kimoja hukosekana na taka hujazana. Wengu huvimba, mifupa hupinda, au mtoto aliyekwisha kutembea huanza kuanguka ovyo. Wazazi wenyewe ni wazima, hivyo majirani hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. (Wanaosema binamu ni nyama ya hamu wajue kwamba ndoa za ndugu huongeza hatari ya mtoto kurithi jeni mbovu pande zote mbili.)

Tiba zipo, nyingine za ajabu. Dawa ya kwanza ya Gaucher, mmojawapo wa magonjwa haya, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, ilitengenezwa kutokana na kondo za nyuma za wanawake waliojifungua, tena maelfu kwa maelfu. Leo kuna tiba ya jeni kwa lukodistrofi ya metakromatiki, ugonjwa unaoharibu ubongo: seli za uboho wa mtoto hutolewa, zikatiwa jeni nzima, zikarudishwa mwilini. Marekani iliipitisha Machi 2024. Bei iliyotangazwa wakati huo ni dola milioni 4.25.

Bei hiyo inatisha, lakini kuna sharti linalozihusu zaidi Masasi na wilaya jirani ya Newala. Tiba hiyo hufaa hasa kabla dalili hazijajitokeza. Ndiyo maana wengi walionufaika mapema ni wadogo wa watoto waliokwisha kuugua. Maradhi ya mkubwa ndiyo yaliyowashtua madaktari.

Ugonjwa wa selimundu nao ni wa kurithi, ingawa si wa laisosomu, na nchini Tanzania hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye nao kila mwaka. Utafiti wa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, uliwapa watoto haidroksiyurea, kidonge cha kumeza kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua kwa zaidi ya nusu, vifo vimeshuka, na hata malaria imepungua kwa takriban nusu. Hakuna aliyehitaji kupanda ndege kwenda kutibiwa ng'ambo. Lakini kidonge hicho nacho hakimfikii mtoto ambaye hajapimwa.

Halmashauri za Masasi na Newala zianzie hapo. Tayari watoto wa akina mama wenye VVU hutobolewa kisigino, damu ikakaushwa kwenye karatasi maalumu na kusafirishwa hadi maabara. Karatasi ya namna hiyo hupima selimundu, na kwingineko duniani hutumika kupima vimeng'enya vya laisosomu pia. Selimundu itangulie kwa kuwa ndiyo iliyoenea. Kwa maradhi ya laisosomu, muuguzi wa zahanati aanze kwa kumuuliza mama anayeleta mtoto kliniki: je, kuna mwanao mwingine aliyewahi kuugua hivi? Jibu likiwa ndiyo, karatasi ya huyu mdogo ipande basi la Dar es Salaam wiki hiyo hiyo.