Kioo Kipya, Somo Lile Lile

Katika shule moja ya msingi ya hapa Nyalukemba, ambayo jina lake tunalihifadhi, wazazi tuliitwa siku moja kuja kuona maendeleo. Projekta ilikuwa imefungwa darini, kompyuta imewekwa juu ya meza ya mwalimu, na watoto walikuwa wameketi wakibanana kwenye madawati, kimya kama watu walio mbele ya altare. Somo lilihusu majira ya mwaka. Picha ya kwanza ilionyesha theluji. Ya pili, miti inayopukutisha majani. Ya tatu, mtoto aliyevaa koti zito na kofia ya sufu. Watoto walikariri kwa sauti moja majina manne ya Kifaransa. Nje ya dirisha, mvua ya Novemba ilikuwa ikinyesha juu ya Ziwa Kivu, na hakuna mtoto aliyeulizwa mvua ile inaitwaje nyumbani kwao, wala kwa nini mwezi wa saba haionekani. Kisha umeme ukakatika. Mwalimu akageukia ubao, akaandika kwa chaki maneno yale yale manne. Tukapiga makofi, tukaombwa mchango.

Makofi yale yametukaa moyoni kama kosa. Maana tulichokiona hakikuwa somo jipya hata kidogo. Kilikuwa somo walilofundishwa babu zetu wakati mji huu ulipoitwa Costermansville, na tofauti pekee ni kwamba sasa linalipiwa mafuta ya jenereta. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kioo amekuja, tumempokea kwa shangwe, na mwenyeji hajapona. Ametolewa kitandani mwake akalale nje.

Hatupingi kompyuta, wala simu, wala intaneti. Anayedhani kwamba mtoto wa Bukavu atalindwa kwa kunyimwa vyombo hivi hajui watoto wake wanafanya nini jioni. Tunachokipinga ni ile imani, iliyoenea miongoni mwetu wazazi kuliko miongoni mwa walimu, kwamba chombo kikiwa kipya basi mafundisho yamekuwa mema. Na dada yake imani hiyo, kwamba kitu cha kwetu kikiingia darasani elimu inashuka.

Tutafakari jambo moja. Kando ya ziwa letu, hasa upande wa Goma, kuna mabonde na mashimo ambamo hewa nzito hutuama. Haionekani kwa macho. Mbuzi huingia kutafuta majani asitoke. Na binadamu pia wamefia humo. Wenyeji waliipa hewa hiyo jina: mazuku. Wanasayansi wa Ulaya walipokuja kuichunguza hawakupata neno bora zaidi, na leo neno hilo limechapwa katika majarida yao. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini katika nchi ya volkano; ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, ndiyo maana hujikusanya mahali pa chini. Gesi hiyo hiyo imo katika kilindi cha Ziwa Kivu, takriban kilomita za ujazo 300, pamoja na methani ipatayo 60. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na letu, lilitapika gesi hiyo usiku mmoja, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Na methani tunayoikalia, majirani zetu wa Rwanda wanaigeuza kuwa umeme tangu miaka kumi hivi iliyopita. Projekta yetu ilizimika mbele ya ziwa lenye nishati ya kuwasha miji.

Hilo lingekuwa somo la namna gani! Mwalimu angemwendea mvuvi au mzee aliyewahi kuishi huko kaskazini, akarekodi kwa simu dakika tatu za maneno yake: mazuku ni nini, watu huyatambuaje, wazazi huwaonya watoto wao vipi. Sauti hiyo ingesikika darasani kwa Kiswahili, au kwa Kihavu pamoja na tafsiri. Kisha mwalimu angechanganya siki na magadi ndani ya chupa, na gesi itokayo, bila tone la maji, angeimimina polepole juu ya mshumaa uliosimama chini ya ndoo. Mwali ungezimika. Hapo ndipo neno la Kifaransa lingeandikwa ubaoni, nalo lingekuta mahali pa kukaa. Gharama yake ni simu moja, mshumaa na chupa ya siki. Mtoto aliyeona mwali ule ukifa hatasahau, na huenda siku moja akamshika mdogo wake mkono asishuke shimoni.

Wengine watasema kwamba utamaduni ni ngoma na mavazi ya siku ya sherehe, nao hauna njia ya kufundishia. Hao hawajawasikiliza Warega wa Mwenga na Shabunda, ambao wengi wao ni jirani zetu hapa mjini. Warega walikuwa na kamba iitwayo mutanga, iliyotundikwa vitu vidogo vidogo: unyoya, ganda, kipande cha kibuyu. Kila kitu kilikuwa methali. Mtu aligusa kitu, akataja methali, wenzake wakaijibu na kuifafanua. Katika chama cha Bwami vinyago vya pembe na vya mti vilishikwa mkononi, vikaelezwa kwa methali, wimbo na mchezo, hata mwanafunzi akajua tabia impasayo mtu mzima. Kuona, kushika, kusikia, kujibu: ndivyo wataalamu wa elimu wanavyotuhubiria leo kana kwamba vimevumbuliwa juzi. Serikali ya kikoloni iliupiga Bwami marufuku mwaka 1948, na tukubali bila kuzunguka kwamba Wakristo wengi waliona vema. Vitu vyake vingi viko Tervuren, Ubelgiji, katika vyumba vya makumbusho. Lakini vingine vimo hapa Bukavu, katika makumbusho ya Wamisionari Wasaveriani, na watoto wetu wangeweza kuvifikia kwa miguu. Ni madarasa mangapi ya Nyalukemba yamekwisha kupelekwa huko? Ni walimu wangapi wamepiga picha ya kinyago kimoja, wakamwomba mzee wa Kirega aseme methali yake, wakaileta darasani?

Ajabu ni kwamba upande wa Kanisa jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Tangu mwaka 1988, Misa ya Kizaire ilipokubaliwa na Roma, ngoma na mwendo wa mwili wetu vimo mbele ya altare. Kilichostahili kumkaribia Mungu bado hakijastahili kuingia darasa la nne.

Upande wa Serikali pia. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa na za mahali zitumike kufundishia katika shule ya msingi. Basi nani anayezuia? Tuseme ukweli: ni sisi. Tunamchagulia mtoto shule kwa kuuliza kama Kiswahili kimekatazwa uwanjani. Wengi wetu tulivishwa shingoni kitu cha aibu kwa sababu tulimwita mwenzetu kwa lugha ya mama, tulilia, na leo tunalipa karo ili wanetu walie vivyo hivyo. Hata jina la mtaa wetu hatujawaeleza. Nyalukemba, wasimulia wazee, alikuwa mkubwa wa Kishi aliyetawala mahali hapa wageni walipofika. Mtoto huandika jina hilo juu ya kila daftari, naye hudhani ni jina la barabara.

Tunajibiwa: mtihani wa mwisho wa shule ya msingi ni wa Kifaransa. Ni kweli, na hatutaki mtoto yeyote ashindwe. Lakini mtoto anayekariri asichoelewa hufaulu leo na kunyamaza kesho. Tunajibiwa tena: simu huleta uchafu. Ni kweli pia. Ndiyo maana tunataka mtoto aione mikononi mwa mwalimu, ikifanya kazi ya heshima, kabla hajaijua kwa wenzake tu.

Tusimtwishe mwalimu lawama yote. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa ya shule za umma yamefurika, na mshahara haukukua kwa kipimo hicho. Hawezi kununua vocha ya intaneti kwa fedha ya unga. Lakini sauti ya mvuvi hukaa katika kadi ndogo ya simu, hupita toka simu hadi simu bila intaneti, na mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, nchi hii iliwafundisha watoto wake kwa redio. Tulijua kufanya hivyo tulipobanwa.

Wavuvi wa sambaza hurudi ufukoni alfajiri, mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu, taa zimezimwa, wakiimba. Na saa hiyo hiyo watoto wanapanda njia kwenda shule. Samaki huyo aliletwa ziwani mwaka 1959 kutoka Tanganyika, na wapo wazee waliokula wa kwanza kabisa. Tumewaomba wawili kati yao waseme mbele ya simu, nao wamekubali. Katika mkutano ujao wa wazazi, mchango wa tabuleti utakapotajwa, hatutapiga makofi. Tutaweka simu hiyo juu ya meza, tutaomba kimya cha dakika tatu, kisha tutamuuliza mkuu wa shule ni siku gani darasa la nne litaisikia.