Mali Ikishauzwa Hairudishwi?

Katika maduka mengi ya nchi yetu, tangu Kariakoo hadi vibanda vya vijijini, yako maneno machache yanayoandikwa ukutani au kupigwa chapa chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Tumeyazoea mno hata hatuyasomi tena. Wengi wetu twaamini kwamba hayo ni maneno ya sheria, na kwamba mnunuzi akishatoa fedha yake hana tena la kusema. Mimi nami niliamini hivyo, hadi asubuhi moja ya mwezi Januari nilipokuwa safarini kwenda Mashewa kuhani msiba.

Gari letu lilikawia kuondoka mjini Korogwe. Nikajikinga jua kwenye baraza ya duka moja la viatu, pamoja na abiria wengine waliokuwa wakiisubiri safari hiyo hiyo ya kupitia Magoma. Mara akaingia mama mmoja wa makamo, amebeba mfuko wa plastiki. Alitoa jozi ya viatu vyeusi vya shule akaviweka juu ya meza. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imeachana na ngozi tangu kidoleni hadi katikati, ikifumbuka na kufumba kama mdomo.

"Mwanangu," alimwambia muuzaji, ambaye alikuwa kijana wa umri wa kuweza kuwa mwanawe kweli, "viatu hivi nilivichukua hapa kwako kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto amevivaa siku tisa."

Kijana hakuvigusa. Alinyoosha kidole nyuma yake. "Mama yangu, shikamoo. Lakini soma pale ukutani."

"Marahaba. Nimesoma. Ila mimi sikununua ukuta, nilinunua viatu."

Watu tuliokuwa barazani tulicheka, na kijana mwenyewe akatabasamu kidogo. Lakini hapo hapo akajitokeza mzee mmoja, mkata mkonge kwa kazi yake, ambaye naye alikuwa amekuja na mzigo. Akafungua gunia akatoa mabuti ya mpira yaliyotoboka visiginoni, yenye viraka viwili vya baiskeli. Alidai abadilishiwe, kwa kuwa siku ya kununua aliambiwa kwamba mabuti yale "hayafi".

"Mzee wangu," kijana akauliza kwa upole, "umeyavaa muda gani?"

"Misimu miwili tu."

"Basi hayakukudanganya. Yamefanya kazi yake yakachoka, kama mimi na wewe tutakavyochoka."

Nilipanda gari nikiwa na watu hao wawili kichwani. Wote wawili walirudisha viatu vilivyoharibika, na wote walijibiwa kwa kibao kile kile kimoja. Hata hivyo madai yao yalitofautiana kama usiku na mchana, na kutotambua tofauti hiyo ndiko kunakowagombanisha wauzaji na wanunuzi kila siku.

Lugha yetu inayo maneno mawili yanayoweza kutuongoza. Lipo neno ubovu, na lipo neno uchakavu. Ubovu, ambao wazee wa pwani huuita ila, ni kasoro ambayo kitu kilikuwa nayo siku kilipouzwa, iwe ilionekana au ilijificha. Uchakavu ni haki ya kitu chochote kilichotumika. Soli inayobanduka siku ya tisa ilikuwa na ila tangu kiwandani: gundi haikushika, au ilipakwa kidogo. Buti linalotoboka baada ya misimu miwili katika miiba ya mkonge halina ila, limechakaa. Yuko na mtu wa tatu, ambaye kitu chake ni kizima lakini yeye amebadili nia, labda rangi haikumpendeza mwenziwe. Huyu wa tatu hurudishiwa kwa hisani ya mwenye duka, wala hana la kudai. Na huyu ndiye ambaye kibao cha ukutani kinamhusu barabara.

Sheria yetu nayo inaifuata njia hiyo hiyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni ya enzi za ukoloni, inaeleza kwamba bidhaa iliyouzwa kwa maelezo haina budi kulingana na maelezo hayo. Inaeleza pia kwamba mnunuzi anapomjulisha muuzaji matumizi anayokusudia, naye akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa sharti ifae kwa matumizi hayo. Masharti hayo huhesabiwa kuwamo katika mauziano hata kama hakuna aliyeyatamka. Baadaye ikaja Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Hiyo imeweka sehemu nzima juu ya masharti ya namna hii katika mikataba ya walaji, na inakataza kumpotosha mlaji juu ya haki alizo nazo. Kwa hiyo kibao cha ukutani chaweza kumzuia aliyebadili nia. Hakiwezi kuifanya soli iliyobanduka ihesabiwe kuwa nzima.

Lakini sheria haimpi mnunuzi haki bila wajibu. Kama aliikagua bidhaa kabla ya kuinunua, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Tena akikaa na kitu kupita muda wa kiasi bila kumpasha habari muuzaji, huhesabiwa kuwa amekipokea. Yule mama wa siku tisa alikuwa ndani ya mstari. Mzee wa misimu miwili alikuwa ameuvuka zamani.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa mkoa wa Tanga. Waliosoma madrasa wanakumbuka walivyofundishwa kwamba ni haramu kwa muuzaji kuificha ila ya bidhaa yake, na kwamba mnunuzi akiigundua anayo hiari ya kurudisha. Kanuni hiyo ilitembea katika masoko ya pwani karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika kibao.

Kulikoni basi tukaacha kudai? Nadhani sehemu ya jibu imo katika historia yetu ya karibu. Wazazi wetu waliishi miaka ya uhaba, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo mtu alipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika au la RTC akingojea sabuni, sukari na khanga. Aliyefika dirishani alichukua kilichokuwapo. Kama hakukitaka, nyuma yake walikuwapo hamsini waliokitaka. Katika hali ile, kurudisha kitu kulikuwa ni kama wazimu. Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba na bidhaa za kila nchi zikajaa, na leo viatu vinakaa dukani vikimngoja mtu. Foleni imekwisha, lakini moyo wa foleni tumebaki nao: bado tunaondoka dukani haraka, tukishukuru, bila risiti.

Gharama ya moyo huo tuliiona wazi mwaka 2016. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia simu bandia zisitumike katika mitandao ya nchi. Wengi walioamka na simu zilizonyamaza walikuwa wamezinunua kwa fedha halali, madukani, mchana kweupe. Waliokuwa na risiti na maandishi ya dhamana waliweza angalau kurudi kwa muuzaji na kuhoji. Wasiokuwa nayo walibaki na vipande vya plastiki mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mnunuzi ni risiti.

Hebu sasa tutazame mbali kidogo, tuone dhamana ya muuzaji inavyoweza kujenga duka, na jinsi inavyoweza kuuawa. Mwaka 1912, huko Maine nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Leon Leonwood Bean alibuni viatu vya wawindaji, chini mpira na juu ngozi. Aliuza jozi 100 za kwanza kwa ahadi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha. Jozi 90 zilirudi. Ngozi ilikuwa imeachana na mpira, aibu ile ile ya kiatu cha yule mama wa Korogwe. Bwana Bean hakunyoosha kidole ukutani. Alirudisha fedha ya kila mtu, akakopa, akarekebisha ushoni, akaanza upya. Kampuni yake, L.L.Bean, ikasimama juu ya ahadi hiyo, hata watu wakazoea kurudisha kitu wakati wowote bila kikomo.

Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwezi Februari 2018 kampuni ilitangaza kwamba ahadi isiyo na kikomo imekwisha, na kwamba tangu hapo mteja atakuwa na mwaka mmoja pamoja na uthibitisho wa kununua. Sababu waliyoitoa ilikuwa ni watu waliorudisha vitu vilivyochakaa kwa miaka mingi ya matumizi, na wengine walioviokota katika mauzo ya vitu vikuukuu wakaja navyo kudai vipya. Kampuni ilisema kwamba katika miaka mitano ilipoteza dola milioni 250 kwa vitu vilivyorudi vikiwa havifai ila kutupwa. Wenye mabuti ya misimu miwili waliifunga njia ambayo wenye viatu vya siku tisa walikuwa wakipita.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwetu sisi akina baba na akina mama tunaonunua. Tunapovaa gauni la dukani harusini tukalirudisha Jumatatu kwa kisingizio kwamba halikututosha, hatumwibii mwenye duka peke yake. Tunamwibia pia jirani atakayekuja wiki ijayo na malalamiko ya kweli, naye asisadikiwe.

Kwa wenye maduka nina ombi moja. Kishusheni kibao cha zamani, andikeni kingine kilicho wazi: ila ya kiwandani itabadilishwa ndani ya siku kadhaa, ukiwa na risiti, uchakavu na kubadili nia havimo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye duka anayeijua mali yake haogopi kuandika maneno hayo. Tena mali mbovu ikirudishwa kwake, naye anao mlango wa kuipeleka kwa aliyemuuzia kwa jumla. Mnunuzi wa mwisho ndiye asiye na mlango mwingine.

Kwa familia, haya machache yazingatiwe. Kwanza, kagua mbele ya muuzaji: kunja kiatu, vuta soli, washa taa, sikiliza redio. Pili, sema kazi ya kitu: "Nataka viatu vya mtoto anayetembea mwendo mrefu kila siku." Maneno hayo yana uzito katika sheria. Tatu, dai risiti. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na duka dogo lisilo nayo halikosi kalamu. Iandikwe tarehe, jina la bidhaa, bei, na namba ya simu ya duka. Nne, ukiona ila, acha kutumia na toa habari siku hiyo hiyo. Usiendelee kuvaa mwezi mzima ndipo ukumbuke. Tano, muuzaji akikataa katakata, muone afisa biashara wa halmashauri yako, au peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kama bidhaa ni hatari au haina ubora, Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, nalo lihusishwe.

Nimeitaja namba ya simu kwa makusudi. Nilipofika Mashewa nilielewa jambo ambalo sisi wa mijini hulisahau. Aliye Dar es Salaam hurudisha kiatu kwa nauli ya daladala. Aliye Mashewa, ili arudishe jozi moja Korogwe, hulipa nauli ya kwenda na kurudi na kupoteza siku nzima ya shamba. Haki yake ipo, lakini barabara huila. Simu moja kabla ya safari, na muuzaji akubali kwamba njoo, nitakubadilishia, yaweza kuokoa nusu ya bei ya kiatu.

Na yule mama? Nilikutana naye tena siku ya tatu, wakati wa kurudi, kwani naye alikuwa mtu wa Mashewa. Alisema kwamba hakuwa na risiti. Lakini baada ya maneno mengi kijana yule alivitazama viatu, akaona wazi gundi haikushika, akampa fedha za fundi. Fundi wa chini ya mti alivishona soli zote mbili kwa uzi wa nailoni.

"Sasa ni imara kuliko vilivyotoka dukani," alisema. Kisha akahesabu kwa vidole: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chai, na siku tatu mtoto alizokwenda shule kwa kandambili akasimamishwa mbele ya wenzake. Akanyamaza. Hesabu hiyo hakuna aliyemlipa.

"Lakini mwakani," akasema, "nitaanza na karatasi ndipo nitoe fedha."