Somo la Usawa na Hirizi ya Mwajiri

Usawa kazini haufundishwi kama hesabu ya kujumlisha, ambayo mtu akiisha kuijua haikosei tena. Mbaguzi ajua vyema kwamba binadamu wote ni sawa. Asubuhi hukiri hivyo mbele ya mwalimu wa semina, na jioni humpandisha cheo mtu wa kwao. Maarifa anayo; amekosa mtu wa kumwuliza sababu.

Itazamwe Marekani, ambako masomo haya yamekuwa biashara kubwa. Mwezi Aprili 2018 watu weusi wawili waliokuwa wakimngoja mwenzao walikamatwa katika duka la Starbucks mjini Philadelphia. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilifunga maduka zaidi ya 8,000 kwa alasiri moja ili wafanyakazi wafundishwe juu ya ubaguzi. Alasiri moja haitoshi kumwachisha mtu tumbaku, sembuse dharau aliyokua nayo tangu utotoni.

Jambo hili lilikwisha kupimwa. Mwaka 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walitoa uchunguzi wa makampuni 708 ya nchi hiyo, kwa miaka ya 1971 hadi 2002. Masomo ya kupunguza upendeleo wa wakubwa yalionekana kuwa miongoni mwa njia dhaifu kabisa za kuwafikisha wanawake na watu weusi kwenye uongozi. Palipokuwa na kamati au ofisa aliyekabidhiwa wajibu wa usawa, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Na hapo hata masomo yalizaa.

Basi somo ni mbegu, na wajibu ni udongo. Mwajiri amwagaye mbegu juu ya sakafu ya saruji hangoji mavuno. Atakacho ni stakabadhi ya duka la mbegu, aivae kama hirizi siku ya mashtaka.

Watetezi wake watasema kwamba kidogo si haba. Naam, lakini kidogo kimlazacho usingizi mwenye dhamana ni hasara kuliko kukosa.

Tanzania haina sababu ya kuiga kosa hilo, maana wajibu umekwisha kuandikwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mafunzo yaanzie hapo. Meneja afundishwe huku daftari la walioomba kazi, walioajiriwa na waliopandishwa vyeo liko wazi mbele yake. Aeleze alivyochagua, na mwaka ujao aulizwe tena.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi kesho watakalia viti vya uongozi. Wakialikwa kwenye semina ya usawa, na waulize mapema: semina ikiisha, nani atawajibika, na kwa nani? Wakikosa jibu, wanywe chai waliyoandaliwa, kwani faida nyingine hapana.