Koo la mtoto na milango ya moyo

Mtoto akilalamika koo, nyumba nyingi hukimbilia maji ya chumvi, tangawizi na asali. Siku ya tatu amerudi kucheza, na habari inaishia hapo. Mara nyingi huishia hapo kweli. Lakini yapo maumivu ya koo ambayo safari yake huendelea hadi moyoni.

Moyo ni msuli wenye uwazi ndani, ukubwa wake karibu na ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia hupeleka kwenye mapafu damu iliyokwisha kuzunguka mwilini, ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima, ndiyo maana ukuta wake ni mnene zaidi. Mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 kila dakika.

Damu hairudi nyuma kwa sababu kuna vali nne, yaani milango inayofunguka upande mmoja tu. Mdundo anaousikia mama akilaza sikio kifuani mwa mwanawe ni sauti ya milango hiyo ikijifunga.

Sasa turudi kooni. Baadhi ya maumivu ya koo huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Mwili hutengeneza kinga ya kupambana naye, na kwa watoto wachache kinga hiyo hupotea njia: wiki 2 hadi 3 baadaye, koo likiwa limeshasahaulika, inashambulia viungo na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, na huwapata zaidi wenye miaka 5 hadi 15. Leo goti limevimba, keshokutwa ni kifundo cha mguu, na wakubwa wanasema amezidisha mpira.

Viungo hupona. Vali hubaki na makovu, hasa ile ya kushoto kati ya chumba cha juu na cha chini. Mlango usiofunga vizuri huvujisha damu nyuma. Usiofunguka vizuri huizuia kupita. Mtoto anaanza kuhema akipanda ngazi, na wasichana wengine hugundulika wakiwa tayari wajawazito, mwili unapodai damu zaidi.

Kinachosikitisha ni kwamba dawa ya koo hilo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Mtoto mwenye homa, anayeumia kumeza, tezi za shingo zimevimba na hana mafua wala kikohozi, anastahili kuonwa na daktari, na dozi akipewa imalizwe hata akipata nafuu siku ya pili. Aliyekwisha kuugua homa ya rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, hata kama anaonekana mzima kabisa na anakimbia kuliko wenzake.