Masini Inasema Namba, Wewe Sema Habari

Mwezi huu tuzungumze juu ya kile kibanio kidogo wanachoweka kwenye kidole cha mgonjwa. Wanganga wanakiita oksimetri. Kuna chenye betri tu, na kuna kilichofungwa na kamba kwenye masini kubwa yenye kioo.

Siku moja nilienda kuona mgonjwa katika lopitali moja hapa Kisangani. Kando ya kitanda niliona masini nzuri, zawadi ya marafiki wa mbali. Lakini ilifunikwa kitambaa, na juu yake kulikuwa sahani ya chakula. Nikamwuliza mama mwuguzi: kwa nini?

«Baba Pasta, ile iko tu kelele. Kamba yake ya kidole iliharibika, ingine hatuione hapa. Na maandishi yake hatujue kuisoma.»

Je, ni uvivu? Hapana. Mama yule alilinda chumba kizima usiku, peke yake. Masini ikilia kila saa bila sababu, ataizima ili asikie wagonjwa wenyewe. Na si kwetu tu. Katika 2011 watafiti walichapisha hesabu ya vyombo vya lopitali katika nchi 16 zenye mali kidogo: karibu 4 kwa 10 havikuwa vikifanya kazi. Sababu walizotaja ni hizi: watu hawakufundishwa, vyombo havikutunzwa, na umeme na mengine ya lazima yalikosekana.

Sasa, oksimetri inafanya kazi gani? Inapitisha mianga miwili katika kidole, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazimezi mianga hiyo sawasawa. Kutoka hapo masini inahesabu. Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyevumbua njia hiyo katika miaka ya 1970. Mtu mwenye afya anapata 95 mpaka 100. Mtoto mgonjwa akiwa chini ya 90, anahitaji oksijeni mara moja.

Ni msaada mkubwa, lakini inadanganyika. Kidole chenye matope, rangi ya kucha, mkono wa baridi, mtoto asiyetulia: yote yanaharibu namba. Tena katika 2020 wanganga wa Marekani walionyesha kwamba kwa watu weusi chombo hiki kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa watu weupe. Kwa hiyo usitazame kioo tu. Tazama midomo, tazama mbavu, sikiliza pumzi.

Sasa, vijana wa chimbo, sikieni vizuri. Motopompe ikiwaka ndani ya shimo au karibu na mdomo wake, moshi wake unaleta gazi isiyo na rangi wala harufu: monoksidi ya kaboni. Gazi hiyo inakaa katika damu mahali pa oksijeni. Na oksimetri haiwezi kuipambanua. Inaihesabu kama oksijeni! Kijana amelala, kichwa kinamuuma sana, anatapika, akili inapotea, na kioo kinaandika 99. Mwuguzi aliye peke yake atawaza nini? Atawaza malaria. Na kijana anakufa mbele ya namba nzuri.

Nani anajua kwamba alitoka katika moshi? Ni wewe uliyemleta. Usinyamaze kwa kuogopa maulizo ya watu juu ya chimbo lenu. Sema: «Alikuwa shimoni, motopompe ilikuwa inawaka.» Neno hilo moja litamfanya munganga ampe oksijeni bila kungoja, hata kama namba ni 99. Na kule chimbo, msishuke mbio kumfuata mwenzenu ndani ya moshi. Wengi wamekufa hivyo, wawili watatu pamoja. Zimeni motopompe, iteni msaada, ingizeni hewa kwanza.

Wewe unayelinda mgonjwa, usitoe kibanio kwa sababu kinalia, wala usichomoe masini ili kuchaji telefone. Kikilia, mwite mwuguzi. Na wewe mwuguzi, mweleze mama kile chombo ni cha nini. Asiyeelezwa anaogopa, na anayeogopa atakitoa ukigeuka.

Mwisho, nyinyi mnaochanga feza ili kununulia lopitali masini. Ni kazi njema. Lakini kabla ya kutoa feza, nendeni kwanza kwa mwuguzi wa usiku, si kwa mkubwa wa lopitali peke yake. Mwulizeni: Umeme ukikatika, betri itashika saa ngapi? Kibanio kikiharibika, kingine kitatoka wapi? Maandishi ni ya lugha gani? Nani atafundisha, na nani atatengeneza? Kama hakuna jibu, nunueni chombo kidogo chenye betri na vibanio vya akiba. Kidogo kinachotumika kila usiku kinapita kikubwa kilichofunikwa kitambaa.

Tuonane mwezi ujao.