Mtungi wa Hewa Bila Matunzo ni Mtego kwa Mzimamoto



Kila linapoungua soko au nyumba, malalamiko ni yale yale: gari la pompiye limechelewa, maji hayakutosha. Ni malalamiko ya haki. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, ilibidi Rwanda itume helikopta kuja kusaidia. Lakini gari na maji ni nusu tu ya shauri. Nusu ya pili ni yule mtu anayeshuka garini: akiingia ndani ya moshi, atavuta hewa gani?

Tunaona chama cha wafanyakazi ndicho kinachopaswa kuliuliza swali hilo. Mzimamoto ni mfanyakazi kama alivyo mvuvi wa ndagala au mkamuaji wa mawese. Tena wazimamoto wetu wako chini ya polisi, na polisi si mtu wa kubeba bango barabarani kudai vifaa. Basi sisi wenye nafasi ya kusema, tuseme.

Kwanza tuelewane kuhusu moshi. Watu wengi hudhani anayekufa motoni ameungua. Gereza la Gitega liliposhika moto alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021, wafungwa zaidi ya 1,500 walikuwa wamejazwa mahali palipojengwa kwa watu 400. Serikali ilitangaza vifo 38, na katika hao 12 walikufa kwa kukosa hewa. Moshi una gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Huishika damu mahali pa oksijeni, na mtu huishiwa nguvu za miguu kabla hajatambua kwamba yuko hatarini. Godoro la sponji na viti vya plastiki hutoa sumu nyingine kali zaidi. Kitambaa kilicholowa maji hakizuii gesi hizo, na barakoa zile tulizovaa wakati wa korona hazizuii hata kidogo. Dawa ni moja: mzimamoto abebe hewa yake mwenyewe mgongoni.

Kifaa hicho ni mtungi wa hewa safi iliyoshindiliwa, mpira wa kupitishia hewa, valvu inayotoa hewa kwa kadiri mtu anavyovuta, na barakoa inayofunika uso mzima. Ndani yake ni hewa ya kawaida, kama hii tunayovuta hapa ufukweni. Ni kosa kubwa kumjazia mtu oksijeni ya hospitali au ya mchomeleaji vyuma katika mtungi huo, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta au grisi kwa mkandamizo mkubwa hulipuka.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapokufa. Mtungi wa lita 6 uliojazwa mpaka baa 300 una hewa karibu lita 1,800. Baa 50 za mwisho haziguswi, ni akiba ya kutokea. Hizo ni lita 300. Zinabaki lita 1,500. Mtu anayefanya kazi ya wastani hutumia kama lita 40 kwa dakika, kwa hiyo ana dakika 37. Lakini anayeburuta mpira wa maji au kumbeba majeruhi ngazini anaweza kutumia lita 60 na zaidi, na dakika zake zinashuka kuwa 25. Na hizo 25 si za kwenda mbele tu. Humo kuna njia ya kurudi, nayo katika giza la moshi huwa ndefu kuliko ile ya kuingilia.

Chukua mtungi huo huo. Valvu yake imelegea, hewa imevuja kidogo kidogo kwa muda wa mwezi mmoja kabatini, geji inasoma 200, na hakuna aliyeitazama. Ukiondoa akiba, mtu yule anayefanya kazi nzito ana dakika 15. Yeye kichwani mwake anahesabu 25. Ndiyo maana tunasema kifaa kisichotunzwa ni kibaya kuliko kukosa kifaa. Asiye na mtungi atabaki mlangoni. Mwenye mtungi mbovu ataingia.

Wenzetu wa nchi za mbali wamelipia somo hili kwa damu. Tarehe 23 Januari 1958 soko la nyama la Smithfield mjini London lilishika moto katika vyumba vya chini ya ardhi, vyenye vijia vingi vya kupotea. Wazimamoto wawili, Jack Fourt-Wells na Richard Stocking, waliingia na vifaa vyao vya kupumulia na hawakutoka hai. Baada ya msiba ule ndipo Uingereza ilipoweka utaratibu wa lazima wa ubao mlangoni. Kila anayeingia huacha kibao chenye jina lake, saa aliyoingia na kiasi cha hewa yake, na mtu mmoja husimama pale bila kazi nyingine, akipiga hesabu ya saa ya kutoka. Kwa ubao wa mbao, chaki na saa ya mkononi, jambo hilo linawezekana hata kwetu. Wala hatuhitaji msaada wa nchi yoyote kulifanya.

Matunzo yenyewe si elimu ya chuo kikuu. Kila zamu inapoanza, geji isomwe na iandikwe. Valvu ifunguliwe, kisha ifungwe, na sindano itazamwe kwa dakika moja: ikishuka, pana mahali panapovuja. Hewa itolewe taratibu mpaka filimbi ya hatari ilie, nayo hulia karibu na baa 55. Filimbi isiyolia ni kifo. Barakoa ivaliwe, tundu lizibwe kwa kiganja, mtu avute pumzi. Ikimganda usoni, imeziba vizuri. Mwenye ndevu haitaziba, hata akaze mikanda namna gani. Tunajua wapo watakaonuna hapo, lakini mpira wa barakoa haujali heshima ya mtu.

Baada ya moto, kifaa kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kikaushwe kivulini. Jua letu la ufukweni huutafuna mpira, na petroli huutafuna upesi zaidi. Masizi hayo yasibebwe nyumbani kwa watoto. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani. Mitungi nayo ipelekwe kupimwa nguvu kwa maji katika muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni kila miaka 5. Tarehe ya kipimo hugongwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo hakuna wa kudanganya.

Kuhusu kujaza, tuseme wazi. Kompresa ya kupulizia matairi kando ya barabara si ya kumpa mtu hewa ya kuvuta. Hutoa mvuke wa oili, na ikiendeshwa kwa injini iliyo karibu huvuta moshi wa injini ile na kuusukuma mtungini. Mzimamoto ataikimbia kaboni monoksaidi ya nje na kuivuta ile ya mgongoni. Panatakiwa kompresa maalumu yenye vichujio, na vichujio vibadilishwe kwa saa zake.

Hapa tunafika penye fedha. Nchi zetu hupokea magari ya zimamoto na vifaa vilivyotumika kutoka Ulaya na kwingineko. Kuna picha, kuna hotuba, kuna kupeana mikono. Hatudharau zawadi. Lakini mtungi uliokuja bila kompresa hutumika mara moja ukawa chuma tupu. Barakoa isiyo na vipuri hufa pamoja na kipande chake kimoja cha mpira. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, tulionyeshwa vifaa vizuri sana ndani ya kabati lililofungwa, na ufunguo ulikuwa kwa mkubwa aliyekuwa safarini. Moto haungoji mkubwa arudi.

Basi madai yetu ni haya. Bajeti inayonunua mtungi inunue pia hewa, vipuri na mafunzo kwa muda wote wa maisha ya mtungi ule. Saa ya kukagua kifaa ihesabiwe kuwa saa ya kazi. Mzimamoto anayekataa kuingia kwa sababu geji iko chini asiitwe mwoga wala asiadhibiwe. Hatudai upendeleo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejitoa katika hatari kubwa ya papo hapo, na unasema hatua za usalama zisimgharimu yeye hata senti. Juni 2022 shirika hilo liliuingiza usalama kazini katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama, na yetu ikiwemo, ina wajibu wa kuziheshimu.

Ndugu zetu wa Magara watauliza: haya yanatuhusu nini, wakati gari la pompiye likiitwa litatoka mbali kwa barabara hii ya RN3? Yanawahusu sana. Tangu uhaba wa esansi uanze, bidoni zimeingia vyumbani, chini ya vitanda, na kwenye vibanda vya injini za mitumbwi. Moto wa namna hiyo una moshi mzito, na wa kwanza kuingia atakuwa jirani mwenye shati mdomoni. Hivyo ndivyo watu hufa pia katika mashimo ya vyoo na matangi ya mafuta: mmoja anazimia, wa pili anaingia kumtoa, wa tatu anamfuata wa pili. Mpaka hapo pwani yetu itakapokuwa na watu waliofunzwa na wenye vifaa, tangi au shimo lisiingiwe, na bidoni zitoke vyumbani.

Tunawaomba makatibu wa matawi wafike kwa wasimamizi wa zimamoto, kwa adabu, na kuomba kuona daftari moja tu: lile la ukaguzi wa mitungi. Waangalie tarehe ya mwisho iliyoandikwa na jina la aliyeandika. Kama daftari halipo, wanunue moja dukani, kurasa 96, walikabidhi kwa niaba ya chama, na warudi baada ya mwezi kulitazama.